Chubwi na Singa: Historia ya Jigi ya Nywele Katika Uvuvi wa Mitoni

Jigi ya nywele ni chambo bandia kinachoundwa kwa kuyeyusha risasi na kuimwaga shingoni mwa ndoana hadi igande na kuwa kichwa, kisha kufunga kwa uzi, nyuma ya kichwa hicho, fungu la singa za mnyama au manyoya ya ndege. Ingawa leo hutumiwa zaidi na wavuvi wa burudani wa Marekani, chambo hiki kimeunganisha fani mbili kongwe: ile ya kuivisha ndoana manyoya ili ifanane na mdudu, na ile ya kuitia chubwi, yaani uzito, ili izame.

Fani ya kwanza ilielezwa na Claudius Aelianus, mwandishi wa Roma aliyefariki katika karne ya 3, aliyesimulia kwamba wavuvi wa mtoni huko Makedonia walizungushia ndoana sufu nyekundu na kuifungia manyoya mawili ya jogoo. Huko Uingereza, kitabu cha uvuvi wa ndoana kilichopigwa chapa mwaka 1496 kilitaja nzi bandia 12, na mishipi ya zama hizo ilisokotwa kwa singa za mkia wa farasi. Hata hivyo, nzi hao walikuwa wepesi, hivyo kina kirefu, ambako samaki hujikinga na mkondo nyuma ya mawe, hakikufikika kwa urahisi.

Haja ya kukifikia kina hicho ilidhihirika sana Amerika ya Kaskazini, kwa samaki aitwaye besi mdomo-mdogo, ambaye hupenda mito yenye mawe na hula kamba wa maji baridi na samaki wadogo wanaokaa sakafuni. Asili yake ni Maziwa Makuu na mito kama Ohio na Tennessee, lakini reli ilimpanulia makazi: mwaka 1854 besi wachache walisafirishwa katika tangi la maji la garimoshi na kuingizwa katika bonde la Mto Potomac, walikozaana upesi.

Mafundi waliounda jigi za kumfikia samaki huyu walichagua malighafi kwa tabia yake majini. Singa za mkia wa kulungu mkia-mweupe, aliyewindwa kwa wingi nchini Marekani, zilipendwa kwa kuwa ni ngumu kiasi na hudumu. Manyoya laini ya marabu yalitokana kwanza na korongo mfuko-shingo wa Afrika, kabla ya nafasi yake kuchukuliwa na bata mzinga. Na singa za dubu wa ncha ya kaskazini, zilizosifiwa kwa mng'ao, ziliadimika baada ya Marekani kupitisha, mwaka 1972, sheria ya kuwalinda mamalia wa baharini.

Mwaka 1949 Nick Creme wa Akron, Ohio, alianza kutengeneza mnyoo wa plastiki laini, na katika miongo iliyofuata plastiki ikatawala soko. Jigi ya nywele haikutoweka, kwa sababu katika maji yenye ubaridi, samaki anapozubaa, singa huchezwa na mkondo hata pale mvuvi asipotikisa ufito. Ndiyo maana anayeanza hufundishwa kutumia kichwa chepesi, cha gramu 2 hadi 7, kukirusha kwa mshazari kuelekea juu ya mto, kisha kuacha mkondo ukibebe huku mshipi ukikaribia kukaza na chambo kikigusagusa mawe.

Badiliko la karibuni zaidi limehusu chubwi yenyewe. Risasi ni sumu kwa ndege wa majini wanaoimeza, na kwa sababu hiyo Uingereza ilipiga marufuku uuzaji wa chubwi nyingi ndogo za risasi mwaka 1987 ili kuwanusuru bata maji, huku baadhi ya majimbo ya Marekani yakizuia hata jigi ndogo za risasi. Bati, ingawa ni jepesi kuliko risasi, na tungsteni zinaweza kushika nafasi ya risasi, kwa hiyo anayeanza uvuvi huu leo hana sababu ya kurithi sumu pamoja na ufundi.