Comet Sita za 1964: V8 za Kimarekani na Barabara Zetu

Mazungumzo ya magari yakipamba moto hapa Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, dai moja halikosi kurudi: kwamba V8 za Kimarekani hazina historia Afrika Mashariki. Zilijaribiwa mara moja kwenye Safari Rally, watu husema, zikaaibika, na kwa hiyo Mustang mpya unayoiona leo juu ya lori la kubebea magari, kwenye foleni ya kuingia Uganda, ni mgeni asiye na jamaa hapa. Dai hili limeachwa muda mrefu bila kupingwa, ilhali orodha ya matokeo ya 1964 inatosha kulivunja.

Mwanzo wa Safari unajulikana: mwaka 1953, Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II. Tuuache hapo. Mashindano ya Pasaka ya 1964 ndiyo yenye uzito. Yalikuwa ya kwanza tangu nchi zote tatu zijitawale, Kenya ikiwa imefunga orodha hiyo Desemba 1963, na Ford iliingia kwa milango miwili. Kutoka Uingereza ilileta Cortina GT yenye injini ya lita 1.5. Kutoka Marekani, kwa jina lake la Mercury, ilileta Comet sita, kila moja na V8 ya lita 4.7, zilizotayarishwa na Bill Stroppe wa California. Peter Hughes na Billy Young walishinda kwa Cortina. Katika zile Comet sita, ni mbili tu zilizomaliza, tena mkiani.

Hapo ndipo wengi hufunga kitabu. Lakini mwaka ule yalianza magari 94 na yakamaliza 21. Toa zile Comet: yanabaki magari 88, na kati yake yaliyomaliza ni 19, yaani chini ya robo. Comet zilimaliza kwa theluthi. Gari linalodaiwa kuaibika lilistahimili kuliko wastani wa wenzake, kwenye njia ambazo dereva hakuwa amezoea kuzipita kwa gari pana namna ile.

Wapo wanaojibu kwamba magari sita ni machache mno kuthibitisha lolote, na kwamba timu ya kiwanda, yenye mafundi na spea za kutosha, ilipaswa kumshinda kwa mbali mwenye gari lake binafsi. Hoja hiyo naiheshimu. Pasaka huangukia masika, na gari zito likishazama kwenye tope lina gharama yake: watu zaidi wa kusukuma, dakika zaidi zinazopotea. Hilo linaeleza kwa nini zilimaliza nyuma. Ila wanaosema tu kwamba Wamarekani hawakuielewa Afrika, bila kutaja namba hata moja, sina la kujadiliana nao.

Tarehe 17 Aprili 1964, majuma machache baada ya mbio hizo, Ford ilizindua Mustang. Chini ya bodi yake ulikuwapo msingi wa Ford Falcon, uleule uliozaa Comet. Nyuma kulikuwa na ekseli nzima juu ya springi za majani, kama za pikapu. Mbele, kabureta na platini. Fundi wa Tororo ambaye hajawahi kuiona Mustang angeifungua bila woga. Platini zikichoka, husuguliwa kwa msasa, pengo lake likapimwa kwa kipande cha boksi la kiberiti, na gari likawaka.

Ukoo huo ulipata haki yake mwaka 2009. Ian Duncan, Mkenya aliyeshinda Safari ya 1994 kwa Toyota Celica, alishinda East African Safari Classic, mbio za magari ya kale, kwa Ford Mustang ya zamani, mbele ya Porsche 911 na Ford Escort. Nashangaa ushindi huo hautajwi kila dai lile linapotolewa. Miongo ya Datsun, Lancia na Toyota iliyopita katikati ina waandishi wake.

Sasa hawa warithi. Mustang ya 2005 ilirudisha sura ya miaka ya 1960, Dodge Challenger ikafuata 2008, kisha Chevrolet Camaro. Challenger na Camaro hazikutoka kiwandani na usukani wa kulia hadi zilipokoma kutengenezwa, na Kenya haisajili gari la usukani wa kushoto isipokuwa la kazi maalumu. Mustang ilipata usukani wa kulia mwaka 2015, katika kizazi kilichoacha ile ekseli nzima ya nyuma. Nakiri ubora wake: breki zake na mifuko yake ya hewa huokoa maisha, na kwenye lami hakuna ubishi. Lakini tumbo lake liko chini, na injini inaongozwa na kompyuta ambayo fundi wa kando ya barabara hana mashine ya kuisoma. Walionakili boneti ndefu na mgongo ulioteremka waliuacha ule wepesi wa kutengenezeka popote, na kwangu huo ndio uliokuwa moyo wa gari.

Sheria zetu nazo zimeegemea upande mmoja. Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Uganda, tangu 2018, huzuia lililofikisha miaka 15 au zaidi. Kwa mitumba ya kawaida sina ugomvi nazo, maana zinalinda hewa na usalama. Ila mkazi wa Busia au Tororo anaweza kuagiza Mustang ya juzi inayoiga ile ya 1967, lakini ile ya 1967 yenyewe hawezi. Uingereza hulisamehe kodi ya barabara gari lililofikisha miaka 40. Mamlaka za mapato za Kenya na Uganda, KRA na URA, ambazo sasa hufanya kazi bega kwa bega hapa mpakani, zingeweza kukubaliana juu ya kifungu cha magari ya urithi: gari moja kwa mtu, la miaka 40 au zaidi, lisilouzwa kwa muda utakaowekwa. Wakati hilo likisubiriwa, magari ya zamani yaliyobaki pande zote mbili za mto Malaba yaorodheshwe, pamoja na kumbukumbu za mafundi waliokuwa wakiyatengeneza, maana wengi wao sasa ni wazee.