Chuo cha Nyumbani: Watoto wa Pwani Walivyosomeshwa

Kabla ya serikali kujenga madarasa, watoto wa miji ya pwani, kuanzia Barawa na Lamu hadi Kilwa na visiwa vya Zanzibar, walisomea majumbani. Mahali pa kusomea paliitwa chuo, lakini mgeni aliyeulizia jengo la chuo alionyeshwa nyumba ya mtu: jamvi limetandikwa barazani, mwalimu ameketi, watoto wamemzunguka na msahafu au ubao mapajani, na hatua chache kutoka hapo mwenye nyumba wa kike anapepeta mchele. Wako waliosomeshwa na baba au babu zao, na wako waliopelekwa kwa jirani mwenye elimu. Tofauti kati ya hao na hawa haikuwa kubwa, kwa kuwa mwalimu wa mtaani naye alisomesha wanawe pamoja na wa wenziwe, katika nyumba ile ile aliyolala na kula.

Ramani ya nyumba ndiyo iliyoamua nani asome wapi. Katika nyumba za mawe za Lamu, mlangoni palikuwa na daka lenye viti vya mawe pande mbili, ambapo wanaume waliketi, walipokea wageni na kusikiliza darsa. Ndani zaidi kulikuwa na misana, vyumba virefu vyembamba vilivyofuatana kutoka kiwandani, yaani uani, kisha ndani kwenyewe, kwa wanawake, penye ukuta wa zidaka zilizopambwa kwa nakshi. Watoto wadogo, wa kike na wa kiume, walipita kote huko bila kizuizi. Mvulana alipopata umri alisogea nje, kuelekea dakani na msikitini. Msichana alisogea ndani. Katika nyumba za udongo na makuti hakukuwa na nafasi ya kupanga hivyo, na baraza ya mbele ilitosha kwa yote.

Siku ya chuo ilifuata swala. Baada ya alfajiri na kifungua kinywa watoto walitoka, wakasoma hadi karibu na adhuhuri, wakarudi kula, na wengi walirejea tena hadi alasiri. Alhamisi mchana chuo kilifungwa, na Ijumaa kilipumzika. Kazi za nyumba hazikusubiri masomo yaishe: mtoto aliweza kuitwa katikati ya sura akachote maji kisimani, na mke wa mwalimu alimtuma dukani kama anavyomtuma wa kwake. Wazazi hawakuliona hilo kuwa uonevu, maana kutumwa na kutii vilihesabiwa kuwa sehemu ya adabu ambayo mtoto alipelekwa kuipata. Malipo nayo yalikuwa ya kijirani: sarafu ndogo au kibaba cha mchele siku ya Alhamisi, kitu wakati wa sikukuu, na zawadi kubwa zaidi mtoto alipohitimu. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake yamo katika kitabu cha desturi za Waswahili kilichochapishwa na Carl Velten mwaka 1903, alieleza mambo ya chuo kwa kirefu, na kwake yeye chuo ni hatua moja ya maisha kama zilivyo jando na ndoa.

Vifaa vilitengenezwa nyumbani. Kalamu ilichongwa kwa mwanzi, na wino ulikorogwa kwa masizi. Mwalimu aliandika herufi ubaoni, mtoto akazifuata kwa kidole huku akizitamka kwa sauti, na alipozishika ubao ulioshwa ukaandikwa somo jingine. Kwanza alijifunza majina ya herufi, kisha namna fataha, kasra na dhuma zinavyozitia sauti, kisha akaingia katika Kurani yenyewe kwa kuanzia Al-Fatiha. Baada ya hapo alisoma kwa kurudi nyuma, kutoka sura fupi za mwisho za juzuu ya Amma kuelekea sura ndefu za mwanzo, mpangilio unaoonekana wa ajabu kwa asiyeuzoea na ambao kwa mtoto wa miaka sita una busara kubwa. Kila mmoja alisoma mahali pake alipofikia, wote kwa wakati mmoja, na mwalimu mzoefu alimtambua aliyekosea katikati ya kelele hizo zote. Mkubwa alimsikiliza mdogo. Hapakuwa na darasa la kwanza wala la pili, na mtoto aliyechukua miaka miwili zaidi hakuhesabiwa kuwa ameanguka. Aliyechelewa kwa uvivu, hata hivyo, alionja bakora, na utoro ulikuwa jambo la kawaida kiasi cha wakubwa kutumwa kuwasaka wadogo vichochoroni.

Kuelewa maana ya kilichosomwa kulikuja baadaye, na kwa wengi hakukuja kabisa. Hili ndilo lililolaumiwa zaidi na wageni waliokitazama chuo. Lawama ina haki yake, lakini haikugusa jambo lililokuwa zito zaidi kwa maisha ya familia: katika nyumba nyingi kusoma walifunzwa watoto wote, na kuandika walifunzwa wavulana tu. Sababu iliyotajwa mara kwa mara ni hofu kwamba msichana mwenye kalamu atawaandikia wanaume barua. Msahafu ulimpa njia ya kusali na kupata thawabu. Kalamu ingempa njia ya kutoka nje ya nyumba bila kufungua mlango.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote juu ya hili umetoka katika nyumba ya mtawala. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, sultani wa Zanzibar, alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, nje kidogo ya mji wa Zanzibar. Aliondoka kisiwani mwaka 1866, akaolewa na Mjerumani, akaitwa Emily Ruete, na mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Humo ameeleza masomo ya watoto wa jumbani, wa kike na wa kiume pamoja, wakiwa wameketi juu ya mkeka chini ya mwalimu mwanamke aliyeogopwa sana. Vifaa vyao vilikuwa msahafu na marfaa yake, wino uliotengenezwa hapo hapo, kalamu ya mwanzi, na badala ya ubao, mfupa wa bega la ngamia uliopaushwa ukawa mweupe. Utajiri wote wa jumba la sultani haukubadilisha mtaala: kitabu kilikuwa kimoja, hesabu ilikuwa kidogo, na wasichana hawakufunzwa kuandika.

Salme alijifunza kwa siri. Alinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa ngamia mpaka mkono ukazoea. Ujuzi huo ulimweka pabaya upesi. Mwaka 1859, akiwa na umri wa miaka kumi na mitano hivi, aliingia katika njama ya kaka yake Barghash ya kumpindua kaka yao mwingine, Sultani Majid, na kwa kuwa aliweza kuandika ndiye aliyefanywa mwandishi wa barua za njama hiyo. Njama ilishindwa na Barghash alipelekwa Bombay. Waliokuwa wakisema kwamba kalamu ya msichana huleta fitina walipata mfano wa kuutaja, ingawa si wa aina waliyoihofia.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, kaskazini katika visiwa vya Lamu, mwanamke mwingine alikuwa na kalamu kwa idhini ya wote. Mwana Kupona binti Msham alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyepigana kwa miaka mingi na majeshi ya Sayyid Said. Kwa hiyo nyumba yake na nyumba ya akina Salme zilikuwa za mahasimu. Mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia bintiye Mwana Hashima utendi wa nasaha, ambao tangu hapo umejulikana kwa jina la mama huyo. Unaanza kwa kumwita binti aje na wino na karatasi. Basi katika nyumba hiyo kuandika hakukuwa haramu kwa msichana, na kauli ya jumla kwamba wanawake wa pwani walinyimwa kalamu inahitaji kupunguzwa: palikuwa na koo za kielimu, hasa Lamu, Pate na Barawa, ambamo mabinti walirithi maandishi kama walivyorithi mapambo. Kilichoamua ni desturi ya ukoo, maana hapakuwa na sheria moja ya pwani nzima.

Utendi huo umesomwa mno kama orodha ya wajibu wa mke, na yaliyomo yanaruhusu usomaji huo. Mwana Kupona anazungumzia wajibu kwa Mungu, kwa Mtume na kwa mume, pamoja na usafi, mavazi na namna ya kuishi na watu. Ukiutazama kama hati ya elimu ya nyumbani, unaonyesha jambo jingine: mama alichukulia kwamba masomo ya bintiye hayajakamilika kwa kumaliza msahafu, na kwamba sehemu iliyobaki ni kazi yake yeye, si ya mwalimu. Alitumia ushairi kwa sababu maneno yenye mizani hukaa kichwani. Wanawake waliunakili kwa herufi za Kiarabu na kuukariri majumbani kwa miongo mingi kabla Alice Werner na William Hichens hawajauchapisha mwaka 1934.

Mafunzo mengine ya ndani hayakuandikwa. Usiku bibi alitoa hadithi na vitendawili. Msichana aliyevunja ungo alikabidhiwa kwa somo au kungwi, ambaye alimfunza mambo ya mwili na ndoa ambayo mama mzazi aliona haya kuyataja. Mvulana alifuata kazi ya baba au mjomba, ikiwa ni kuunda vyombo, kushona kofia, kuchonga milango au kuuza duka.

Si kila mtoto aliyekuwa ndani ya nyumba alikuwa mtoto wa nyumba hiyo. Watumwa na vizazi vyao walifundishwa sala na sura chache za kuwatosha, na elimu ya juu ya dini ilishikiliwa na koo za waungwana na masharifu. Mwishoni mwa karne ya 19 Habib Saleh, sharifu aliyetoka Visiwa vya Ngazija akahamia Lamu, alianza kuwasomesha hadharani watu wa tabaka la chini, jambo lililowaudhi wakubwa wa mji. Kituo chake kikawa Msikiti wa Riyadha, ambao hadi leo huvuta wageni kwa maulidi. Kwa watoto wa waliokuwa watumwa, kutoka nje ya nyumba kwenda kusoma kulikuwa kupanda daraja.

Shule za kikoloni ziliwakuta watu ambao tayari walikuwa na ratiba. Wajerumani walifungua shule Tanga mwaka 1892, Zanzibar ikapata Idara ya Elimu mwaka 1907, na Mombasa ikapata shule ya watoto wa Kiarabu mwaka 1912. Wazazi wengi walisita. Saa za shule ziligongana na saa za chuo, wamisionari walikuwa wameshazifanya shule zishukiwe kuwa njia ya kubadili dini, na faida ya hati ya Kizungu haikuonekana mpaka kazi za ukarani zilipoanza kuidai. Zanzibar ililazimika kuingiza walimu wa Kurani katika shule za serikali ndipo watoto wakaongezeka.

Pamoja na shule zilikuja herufi za Kilatini, na hizo zilifanya jeraha ambalo halizungumzwi vya kutosha. Bibi aliyesoma msahafu kila siku, na pengine kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, ghafla alihesabiwa miongoni mwa wasiojua kusoma. Mjukuu wake alirudi na barua asiyoweza kuifumbua. Kabla ya hapo mkubwa wa nyumba ndiye aliyekuwa mwalimu. Sasa mtoto alianza kumsomea mkubwa.

Kwa wasichana mlango ulifunguka polepole. Shule ya kwanza ya serikali ya wasichana Zanzibar ilianza mwaka 1927. Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alitumia magazeti yake, *Sahifa* na kisha *Al-Islah* la mwaka 1932, kuwahimiza Waislamu wa pwani wasiachwe nyuma kielimu, na hakuwasahau mabinti. Hoja yake ilikuwa na nguvu kwa sababu hakuwa mgeni: alikuwa mwanachuoni wa ukoo mkubwa wa mji, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Mzazi aliyemkatalia mkaguzi wa elimu hakuweza kumkatalia sheikh kwa sababu zile zile.

Chuo hakikufa, kilihama saa. Shule ilipochukua asubuhi, Kurani ilisogezwa alasiri, jioni na mwisho wa juma, na mtoto wa pwani akawa na masomo mara mbili kwa siku, hali inayoendelea mpaka sasa. Vyuo vingi vilitoka barazani vikaingia katika majengo ya madrasa yenye madawati, mitihani na vyeti. Mwaka 1986 Mombasa ilianza mpango wa madrasa za watoto wadogo kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, ukiongozwa na Bi Swafiya Said. Ulifika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Wanawake wa mitaani walifunzwa ualimu, na watoto walihesabu kwa makombe ya baharini, mbegu na vifuu vya nazi, wakaandaliwa kwa darasa la kwanza na kwa Kurani mahali pamoja, karibu na nyumba zao.