Sokwe wa De Laurentiis na Mafuta Yasiyoiva

Kwa wajuzi wengi wa sinema, King Kong ya mwaka 1976 ni jina la kutajwa kwa kicheko. Wanaisifu ile ya kwanza, ya mwaka 1933, kazi ya Merian C. Cooper na Ernest B. Schoedsack, wanaisifu, au angalau wanaistahi, ile ya Peter Jackson ya mwaka 2005, na hii ya katikati, iliyogharimu dola milioni 24 hivi na kutangazwa kwa makeke ambayo hata watangazaji wa leo wangeyaonea haya, huachwa kando kama doa la aibu katika ukoo wenye heshima. Nia yangu si kuitetea katika kila jambo, maana yako mambo ndani yake yasiyoteteleka. Lakini nadhani hukumu iliyotolewa juu yake ilimtazama sokwe peke yake, ikasahau kuwatazama watu waliokwenda kumchukua.

Asili ya hadithi yenyewe yafaa kukumbukwa. Cooper, angali mtoto, alipewa kitabu cha Paul Du Chaillu, msafiri aliyezunguka misitu ya Gabon katika karne ya kumi na tisa na kurudi na habari za gorila zilizotiwa chumvi nyingi, mnyama akisimuliwa kuwa ni jini la mwituni lenye kiu ya damu. Baadaye rafiki yake Cooper, W. Douglas Burden, alisafiri mwaka 1926 hadi kisiwa cha Komodo akawaleta New York mijusi wakubwa wawili walio hai, ambao hawakudumu, wakafia katika bustani ya wanyama ya Bronx. Kutokana na mambo hayo mawili, hofu ya msitu na mauti ya mateka mjini, likatungwa zimwi lililopanda jumba la Empire State, jumba ambalo wakati huo lilikuwa na umri wa miaka miwili tu. Willis O'Brien alilitengeneza kwa mifupa ya chuma, mpira na manyoya ya sungura, kimo chake inchi 18 hivi, akalisogeza kidogo kidogo na kulipiga picha moja baada ya nyingine, hata likapata roho ambayo mashine nyingi za baadaye hazikuipata.

Miaka arubaini na mitatu ilipopita, Dino De Laurentiis, mtayarishaji wa Kiitalia aliyehamia Marekani na ambaye hakujua kufanya jambo dogo, aliazimia kuifufua hadithi hiyo, akaingia katika mabishano makali ya kisheria na kampuni ya Universal, iliyokuwa nayo imedhamiria kutengeneza King Kong wake. Akampa John Guillermin kazi ya uelekezi, kwa kuwa alikuwa ametoka kuiongoza The Towering Inferno. Akamwita Lorenzo Semple aandike mchezo. Akamwajiri Mwitalia mwenziwe Carlo Rambaldi aunde sokwe wa mashine, mwenye kimo cha futi 40, ambaye gharama yake ilitajwa kuwa dola milioni 1.7. Magazeti yaliimba habari za mashine hiyo kwa miezi. Ilipofika siku ya kuitumia, ilikuwa nzito, ya kukakamaa na isiyotii amri, hata katika filamu nzima haionekani ila kwa sekunde chache. Ile mikono mikubwa ya mashine ndiyo iliyofaa, iliyombeba Jessica Lange aliyekuwa akiigiza katika filamu kwa mara yake ya kwanza. Kwingineko kote, sokwe anayetembea, kukasirika na kufa ni Rick Baker, kijana fundi wa vinyago aliyejivika ngozi na vinyago vya uso vilivyoendeshwa kwa nyaya, na macho yanayotutazama kwa huzuni ni macho yake mwenyewe nyuma ya lenzi. Tuzo maalumu ya Oscar kwa ajili ya mazingaombwe ya picha ilipotolewa, majina yaliyotajwa yalikuwa ya Rambaldi, Glen Robinson na Frank Van der Veer. Jina la Baker halikuwemo, na Jim Danforth, fundi wa picha za kusogezwa kwa mkono kwa mtindo wa O'Brien, alijiuzulu kutoka katika Akademia inayotoa tuzo hiyo kwa hasira ya kuona mtu ndani ya vazi akitunukiwa kana kwamba ni mashine.

Basi kicheko kina sababu zake. Lakini hebu mtazamaji wa leo aitazame merikebu inayotweka nanga Surabaya mwanzoni mwa mchezo, na aulize ni ya nani. Mwaka 1933 chombo kilikodiwa na mtengeneza filamu mwenye tamaa ya picha ya ajabu. Mwaka 1976, miaka mitatu baada ya nchi za Kiarabu kuzuia mafuta yasiende Marekani na bei ya pipa kupanda kutoka dola tatu hivi hadi karibu kumi na mbili, chombo ni cha kampuni ya mafuta, Petrox, na mkuu wa safari ni Fred Wilson, aliyeigizwa na Charles Grodin kwa ustadi ambao wahakiki wa zama zile waliupuuza: mtu mwepesi wa maneno, mchangamfu, asiyemchukia mtu yeyote, ambaye ulimwengu wote kwake ni akiba iliyo chini ya ardhi ikingoja kampuni yake. Anafika kisiwani, anakuta mafuta, na wanasayansi wake wanamwarifu kwamba bado hayajaiva, yanahitaji miaka elfu kumi zaidi. Hapo ndipo lilipo, kwa maoni yangu, jambo la busara kuliko yote katika filamu hiyo. Wilson hakwenda kwa ajili ya sokwe wala hakuwa na habari naye. Anamchukua kwa kuwa safari imekula fedha na wenye hisa hawawezi kurudishiwa mikono mitupu. Sokwe anapakiwa katika tumbo la meli ya kubebea mafuta, mahali palipotayarishwa kwa mapipa, kisha New York anafunuliwa mbele ya umati chini ya kifuniko kikubwa chenye umbo la pampu ya petroli. Laiti angelikuwa mnyama mdogo asingelipandishwa jukwaani, ila angelikuwa picha juu ya kopo la vilainishi.

Mengine yamechakaa. Dwan, yule binti anayechezwa na Lange, amepewa maneno ya kitoto ambayo mwandishi aliyaona kuwa ni mzaha, na leo yanamtia mtazamaji haya kwa niaba ya mwigizaji. Taswira ya wakaazi wa kisiwa ni mbaya zaidi. Filamu ya kwanza iliweka kisiwa magharibi ya Sumatra, hii ya pili kusini ya Java, yaani katika Bahari hii hii ya Hindi inayopiga fukwe za Lamu na Kilwa. Na zote mbili zikawajaza humo watu weusi wa kucheza ngoma na kutoa kafara, bila lugha inayosikilizwa wala biashara inayojulikana, juu ya bahari ambayo watu wake wamekuwa wakisafiri, kuoana na kuandikiana barua tangu kale. Katika miaka arubaini na mitatu mafundi walibadili sokwe, jumba, ndege na kampuni; hao hawakuwabadili.

Minara iliyochukua nafasi ya Empire State, kwa upande wake, imebadilishwa na dunia. World Trade Center ilikuwa imefunguliwa rasmi mwaka 1973, na wenyeji wengi wa New York hawakuipenda. Filamu inamfanya sokwe aiendee kwa kuwa umbo lake linamkumbusha miamba miwili ya kwao. Jack, mtaalamu wa nyani aliyechezwa na Jeff Bridges, ndiye anayeitambua safari hiyo na kuwaarifu wakuu wa mji kwa ahadi kwamba mnyama atashikwa hai, ahadi ambayo jeshi linaivunja mara moja. Baada ya tarehe 11 Septemba, 2001, hakuna awezaye kuitazama sehemu hiyo kama walivyoitazama wa kwanza, na maelfu ya watu waliokusanyika uwanjani chini kuigiza wakiuzunguka mwili wa sokwe sasa wanaonekana wamesimama mahali pengine kabisa.

Gorila wa kweli wa milimani, ambao mtafiti Dian Fossey alikuwa akiishi karibu nao Karisoke, Rwanda, filamu hiyo ilipokuwa ikitengenezwa, hula majani na mianzi, na idadi yao katika Rwanda, Uganda na Kongo ilihesabiwa mwaka 2018 kuwa imevuka elfu moja kidogo. Upande wa Kongo wamo katika mbuga ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925 kwa jina la Albert, ambako askari wa mbuga na wanavijiji huzungumza Kiswahili. Huko, kando ya Ziwa Edward, ambalo si makazi ya gorila bali limo ndani ya mpaka wa mbuga hiyo hiyo, kampuni ya Kiingereza ya SOCO ilipewa ruhusa ya kutafuta mafuta, ikapimapima, na baada ya kelele za ulimwengu ikatangaza Juni 2014 kwamba itaacha.

Peter Jackson, alipoirudia hadithi, alimrudisha yule mtengeneza filamu wa mwaka 1933 na kuitupa Petrox. Alipata sokwe mzuri kupita wote, shukrani kwa Andy Serkis, na akapoteza sababu ya kuaminika ya kumchukua. Katika filamu ya 1976 Wilson anakanyagwa na sokwe akafa. Wale wa Ziwa Edward waliondoka kwa tamko la pamoja na watetezi wa mazingira, na mwaka 2022 serikali ya Kinshasa ikatangaza mnada wa vitalu vya mafuta, baadhi yake vikiingia Virunga, mnada ambao ulifutwa miaka miwili baadaye.