Uhasibu wa kichunguzi

Uhasibu wa kichunguzi ni tawi la uhasibu linalochunguza hesabu ili matokeo yake yaweze kutumika kama ushahidi mahakamani. Mkaguzi wa kawaida hutoa maoni kama hesabu zinaonyesha hali halisi ya taasisi. Mhasibu mchunguzi huitwa palipo na shaka au mgogoro, naye hufuata fedha zilikotoka, zilikopitia na zilikoishia.

Kazi yake katika mashauri

Mhasibu mchunguzi hulinganisha stakabadhi, hati za malipo, daftari la ghala, taarifa za benki na miamala ya simu.

Tuchukue mfano wa chama cha ushirika cha wakulima wa mkonge mkoani Tanga kinachodai kupunjwa na mnunuzi. Stakabadhi za mizani zinaonyesha tani 40 za singa, lakini malipo ni ya tani 34. Tofauti ya tani 6 inaweza kuwa wizi, kosa la kuandika, au mzigo uliokataliwa kwa ubora duni. Mhasibu hupima kila uwezekano kwa nyaraka kabla ya kuandika ripoti.

Katika mirathi, Sheria ya Usimamizi wa Mirathi (Sura ya 352) humtaka msimamizi kuwasilisha orodha ya mali ndani ya miezi 6 na hesabu ndani ya mwaka 1, isipokuwa mahakama ikiongeza muda. Warithi wakipinga hesabu hizo, kwa mfano kodi za nyumba, mhasibu anaweza kuzipitia upya.

Nchini Tanzania

Wahasibu husajiliwa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972. Kwa fedha za umma, Sheria ya Ukaguzi wa Umma ya mwaka 2008 humpa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) uwezo wa kufanya ukaguzi wa kiuchunguzi. Dalili za udanganyifu zikionekana, taarifa hupelekwa kwa vyombo vya uchunguzi kama TAKUKURU.

Mfano mashuhuri ni akaunti ya madeni ya nje (EPA) katika Benki Kuu. Ukaguzi maalumu wa kampuni ya Ernst & Young ulionyesha kuwa katika mwaka wa fedha 2005/2006 zaidi ya shilingi bilioni 133 zililipwa isivyostahili kwa makampuni 22. Januari 2008 Rais alitengua uteuzi wa Gavana, na Novemba mwaka huo washtakiwa walianza kufikishwa katika Mahakama ya Kisutu. Baadhi walipatikana na hatia, wengine waliachiwa huru.

Mipaka

Sheria ya Ushahidi (Sura ya 6) inaruhusu maoni ya wataalamu, lakini hayaifungi mahakama. Mhasibu huonyesha fedha zilikokwenda. Kuamua nani ana hatia ni kazi ya hakimu au jaji. Hata akilipwa na upande mmoja, anatakiwa kuieleza mahakama ukweli wote, pamoja na unaomuumiza aliyemwajiri. Stakabadhi zikipotea, ripoti hudhoofika. Kwa hiyo utunzaji wa kumbukumbu ni kinga ya kwanza.