Pensheni Ilivyotoka Ofisini: Historia ya Hifadhi ya Jamii Tanzania

Hifadhi ya jamii, yaani utaratibu wa kumkinga mtu asitumbukie katika ufukara pindi uzee, maradhi, ulemavu au kifo cha mtafutaji wa familia vinapomkatia kipato, ilianza rasmi Tanzania kwa kumfuata mwenye mshahara, na sehemu kubwa ya historia yake ni juhudi za kumfikia asiyekuwa nao. Wakati wa ukoloni pensheni ya serikali ilikuwa stahili ya watumishi wake wa kudumu, ilhali mkulima, mfugaji na mvuvi waliachiwa watoto na ukoo wao, wala sheria haikuona ajabu.

Mwaka 1964 uliundwa mfuko wa akiba ya wafanyakazi, uliojulikana kwa kifupi NPF, ambamo mwajiri na mwajiriwa walichangia na mwanachama akalipwa fedha zake pamoja na riba kwa mkupuo, yaani zote kwa mara moja, alipostaafu. Mtindo huo ni mwepesi kuuendesha, lakini humtwika mstaafu kazi ya kukisia ataishi miaka mingapi, na mfumuko wa bei wa miaka ya 1980 ulikula thamani ya akiba zilizowekwa kwa shilingi za zamani. Kasoro hiyo ilirekebishwa na sheria ya mwaka 1997 iliyougeuza mfuko kuwa NSSF, ambao hulipa pensheni kila mwezi hadi mwisho wa uhai. Mwaka 2018 mifuko minne, PSPF, PPF, LAPF na GEPF, iliunganishwa kuwa PSSSF kwa ajili ya watumishi wa umma, mageuzi ambayo kwa kweli yaliwapanga upya waliokuwa ndani kuliko yalivyowaingiza waliokuwa nje. Mlango wa aliyejiajiri ulibaki wazi NSSF, ila mchango wa kila mara hudai kipato cha uhakika, jambo ambalo anayelima kwa kutegemea mvua hanalo.

Njia ya pili ilipitia TASAF, mfuko ulioanzishwa mwaka 2000 na kujikita kwanza katika miradi ya vijiji, kama vile madarasa, zahanati na visima. Uhawilishaji fedha, yaani kuipa kaya fedha taslimu kwa masharti ya kupeleka watoto shule na kliniki, ulijaribiwa Bagamoyo, Chamwino na Kibaha kuanzia mwaka 2010, na Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini uliozinduliwa mwaka 2012 ukazifikia kaya zaidi ya milioni moja katika miaka michache. Ugumu wake uko katika uteuzi, kwa kuwa katika kijiji ambacho wengi wamelingana kwa dhiki, mkutano wa kijiji hulazimika kuchora mstari kati ya jirani na jirani.

Zanzibar iliuepuka mstari huo. Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ilianza kulipa Pensheni Jamii, ambayo haimwulizi mzee kama aliwahi kuajiriwa au kuchangia, wala haipimi umaskini wake, bali humtaka awe ametimiza miaka 70 na awe mkazi wa Visiwani. Malipo yalianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, zikitoka katika hazina ya serikali yenyewe na si kwa wafadhili, na baadaye yakapandishwa hadi 50,000. Kiasi hicho ni kidogo, lakini mwanamke aliyelima mwani au kulea wajukuu maisha yake yote sasa anapokea fedha kwa haki ileile aliyonayo karani mstaafu. Kenya ilifuata mwaka 2018 kwa wazee wa umri huohuo wasiokuwa na pensheni nyingine.

Tanzania Bara haijafika huko. Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023, hatua ya maana kwa upande wa matibabu, lakini mzee wa Bara ambaye hakuwahi kuajiriwa bado hana pensheni anayoweza kuidai kwa umri wake tu, ilhali mfano wa kufuata uko ndani ya Muungano huohuo.