Mkaa unavyoshika gesi, na mabua ya pamba yanavyohusika

Gesi asilia ya Songo Songo ilianza kufika Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2004, na leo magari na bajaji jijini humo hutumia gesi hiyo ikiwa imeshindiliwa. Kwetu Simiyu bomba halijafika. Gesi ya kuendeshea magari ikija Bariadi, itabidi ibebwe kwenye mitungi.

Mtungi wa gari hujazwa kwa mgandamizo unaofikia mara 200 ya ule wa hewa ya kawaida, hivyo lazima uwe imara sana, na bei yake ni kubwa. Njia nyingine ni kuweka mkaa amilifu ndani yake kwanza. Mkaa huu hutobolewa vitundu visivyoonekana kwa mvuke wenye joto kali au kwa kemikali, hadi gramu 1 ikawa na uso wa ndani wa mita za mraba 1,000 au zaidi. Gramu 7 tu zinatosha eneo la uwanja wa mpira.

Mkaa haumezi gesi. Molekuli hunata kwenye kuta za vitundu na kusongamana kuliko zikiwa huru. Kwa mgandamizo wa mara 35, mtungi mtupu wa lita 1 hubeba takriban lita 35 za gesi asilia. Wenye mkaa bora hubeba zaidi ya lita 100. Mgandamizo ukipanda sana faida hupungua, kwa kuwa vitundu vimeshajaa na mkaa wenyewe umechukua nafasi.

Joto nalo ni tatizo. Gesi ikinata hutoa joto, na mkaa wenye moto hushika kidogo. Gesi ikitolewa mkaa hupoa, na sehemu yake hubaki imeng'ang'ania.

Watafiti wameshatengeneza mkaa amilifu kwa mabua ya pamba, ambayo wakulima wetu huyang'oa na kuyachoma baada ya mavuno ili kuzuia wadudu. Kazi hiyo inahitaji tanuri maalumu, si tanuri la mkaa la porini.

Tahadhari: mtungi wa nyumbani una gesi nyingine, iliyogeuzwa kimiminika. Usiufungue kuweka mkaa. Pia, mkaa uliowekwa chumbani hauondoi sumu ya kaboni monoksidi inayotoka kwenye jiko la mkaa. Jiko likae nje.