Mtumishi wa Umma na Shughuli ya Pembeni Mpakani Busia na Tororo

Shughuli ya pembeni, yaani biashara au kazi ambayo mwajiriwa huifanya kwa faida yake nje ya ile inayompa mshahara, haikuwa na uzito sawa kila mahali, na katika ukanda wa Busia na Tororo uzito wake ulitokana na mpaka. Mwaka 1902 Waingereza waliihamisha sehemu iliyoitwa Jimbo la Mashariki la Uganda na kuiweka chini ya utawala wa nchi ambayo baadaye ilikuwa Kenya, kwa hiyo Wasamia na Wateso wakabaki na ndugu pande zote mbili, huku vituo vya forodha vikiwapa makarani mamlaka juu ya kila mzigo uliovuka.

Usafiri wa boda boda, uliozaliwa Busia kwa waendesha baiskeli waliowavusha abiria kutoka kituo kimoja cha mpakani hadi kingine, unaonyesha vizuri kiini cha suala lenyewe. Mwalimu aliyekodisha baiskeli yake baada ya saa za kazi hakumdhulumu mtu. Lakini karani wa forodha aliyefanya vivyo hivyo alikuwa mwenye mali na mkaguzi wa mali kwa wakati mmoja, hali inayoitwa mgongano wa maslahi, hata kama hakuwa ameiba senti.

Tanzania ilijibu kwa Azimio la Arusha la mwaka 1967, lililowakataza viongozi kupokea mishahara miwili. Kenya ilichagua njia nyingine: mwaka 1971 tume iliyoongozwa na Duncan Ndegwa, gavana wa Benki Kuu, iliwaruhusu watumishi wa umma kumiliki mali na kufanya biashara, mradi zisigongane na kazi yao. Upande wa Uganda hapakuwa na uchaguzi wa namna hiyo. Baada ya Waasia kufukuzwa mwaka 1972 maduka yalikosa bidhaa, na baridi kali ilipoharibu mibuni ya Brazili mwaka 1975, bei ya kahawa duniani ilipanda ilhali mkulima wa Uganda alilipwa kidogo na bodi ya serikali. Kahawa ikavushwa kwa magendo, yaani biashara inayokwepa forodha, hadi soko la Chepkube upande wa Kenya. Mtumishi ambaye mshahara wake haukutosha chakula cha mwezi hawezi kuhukumiwa kama yule aliyeshiba, ingawa aliyeuza muhuri wa ofisi aliuza kitu kisicho chake.

Kasoro ya Kenya haikuwa ruhusa yenyewe, bali kuitoa bila ulinzi. Sheria ya Maadili ya Watumishi wa Umma, iliyowataka watangaze mali zao na kuwazuia kutumia mali au taarifa za ofisi kwa manufaa binafsi, ilitungwa mwaka 2003. Miaka 32 ilikuwa mingi mno, na gharama yake ilibebwa na mwananchi aliyesubiri dirishani akiwa na mzigo wake.